Kadi ya Sanduku la Mazingara

Mtunzaji alikuwa mtu wa kuudhi. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi akitajwa Korogwe watu wanampaka asali, na mimi niliyekaa naye chumba kimoja najua ladha yake halisi. Ukimletea karatasi ulizozihangaikia juani wiki tatu, hakusema pole wala asante. Alizigeuza, akazinusa kama zina ukungu, kisha akauliza maswali yake matano: nani kaandika, wapi, lini, kwa sababu gani, na nini kimekosekana. Hilo la tano ndilo lililotutoa jasho. Ukimjibu kwamba hakuna kilichokosekana, alikurudishia karatasi zako na kuendelea kuchonga penseli.

Chumba chenyewe kilikuwa katika jengo lililowahi kuwa ofisi ya shamba la mkonge kabla ya Uhuru. Maktaba ya chuo kikuu ilikipata ili karatasi za watafiti waliozunguka Handeni na Korogwe zikae mahali pamoja, zipangwe, zielezwe, ndipo zipelekwe Dar es Salaam. Kila mkusanyo ulikuwa na sanduku lake, na kila sanduku kadi yake. Miguu ya rafu ilisimama ndani ya makopo ya oili chafu ili mchwa wasipande. Dirisha lilikuwa moja, la nondo, na alilifunga kutwa kwa ajili ya vumbi la barabarani. Mlango ulifungukia ndani ukagonga kiti chake, kwa hiyo ukitaka kutoka ilibidi yeye asimame kwanza. Hakusimama kabla hajamaliza mstari aliokuwa akiuandika. Nimeshawahi kukaa mle ndani na haja yangu, joto limenishika shingoni, namngoja mzee amalize sentensi kuhusu udongo wa Mkata.

Mimi nilikuwa mkusanyaji. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwetu ni Mazingara, na mtafiti mmoja wa chuo aliniazima kutoka shuleni kwa sababu nilijua Kizigua na wazee wangenifungulia mlango. Alitaka kujua watu wanaionaje habari ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Nilipita kaya kwa kaya na fomu. Kila kaya ilipewa namba, na fomu ikabeba namba tu. Majina niliyaandika mbali, kwa mkono wangu, kwenye karatasi nne: namba huku, jina la mwenye kaya na mahali anapokaa huku. Kwa kila mtu nilisema maneno yale yale: jina lako litakaa mbali na jibu lako. Walinisadiki kwa sababu walimjua mama yangu.

Sasa umeshajua kilichotufunga mimi na Mtunzaji miaka yote hii. Ni hizo karatasi nne.

Majina ya watu hayakumkaa kichwani hata kidogo. Mtu aliyemletea maji kila siku alimwita Maji. Mimi aliniita Mazingara, kwa jina la sanduku langu, na akinikuta sokoni alinitazama kama mgeni mpaka nimtajie sanduku. "Aa," anasema, "la tatu, rafu ya chini." Mkewe alinicheka siku moja nilipokwenda kumsalimu. "Mwenzangu anajua mvua ya Mkata ya miaka sita," akaniambia, "lakini hajui kwamba paa letu linavuja."

Hiyo mvua ya Mkata ina kisa chake. Mwalimu wa shule moja huko alikuwa na kipima mvua uani, akiandika kila asubuhi. Daftari lilipofika Korogwe, mtafiti aliyelileta alikuwa ameshafurahi: katikati ya masika kulikuwa na mwezi mzima wa sifuri, akaandaa maneno makubwa juu ya ukame. Mtunzaji aliziangalia zile sifuri muda mrefu. Kesho yake akapanda basi mpaka Mkata, kwa hiari yake, akamuuliza mwalimu: mvua haikunyesha, au mpimaji hakuwepo? Mwalimu akainamisha kichwa. Alikuwa amefiwa na baba yake, alikwenda matanga, na aliporudi aliona aibu kuacha nafasi tupu. Mtunzaji alimpa pole, akanywa uji wake, akarudi. Kwenye kadi aliandika: "Sifuri za mwezi huu si ukame, ni msiba. Mvua ilinyesha, haikupimwa." Mtafiti alikasirika sana. Kadi haikubadilika.

Na ile ya wafugaji. Kijana mmoja wa chuo alirudi kutoka upande wa nyika, fomu zimejaa idadi za ng'ombe, nadhifu kabisa. Mtunzaji akamuuliza kama aliwahesabu mwenyewe zizini. Kijana akasema hapana, aliambiwa na wenyewe. Mzee akatikisa kichwa, maana kila mtu wa Handeni anajua kwamba mwenye mifugo hamhesabii mgeni ng'ombe zake kwa mdomo. Ni kuwaitia balaa. Akaandika: "Idadi ya ng'ombe, kama wenye ng'ombe walivyopenda mgeni aamini." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka, wala hakuona cha kuchekesha.

Msemo wake ulikuwa huu: karatasi ni mgeni, isipojitambulisha usiilaze ndani. Na kadi ndiyo ilikuwa utambulisho. Aliandika kwa penseli siku zote, kwa sababu wino unakimbia unyevu ukiingia, na kwa sababu, alivyosema, mtu akikosea lazima apate pa kurudi. Lakini kudanganya kwenye kadi hapana. Aliwahi kuwaazima watu baiskeli ya ofisi akawaambia wakubwa imeharibika, na akidaiwa ripoti alijifanya mgonjwa kama sisi sote. Kwenye kadi tu ndipo alikuwa kama amekula kiapo.

Basi nilipoleta sanduku la Mazingara, akaniuliza maswali yake, nami nikamjibu yote. Alipouliza nini kimekosekana, nikasema majina, majina yako pembeni. "Pembeni wapi?" Nikamwonyesha zile karatasi nne. Akazitia kwenye bahasha, bahasha chini kabisa ya sanduku, na kwenye kadi akaandika kwa mwandiko wake wa duara: "Fomu zina namba tu. Orodha ya majina, kurasa nne, ipo ndani ya bahasha, chini. Haina nakala. Aliyekusanya," akafuatisha jina langu. Nikamwona anaandika. Sikusema kitu. Hilo ni kosa langu, na simwachii yeye peke yake kulibeba.

Ilikuwa asubuhi ya Ijumaa alipokuja bwana mmoja mwenye suti ya kaunda. Ofisi yake sitaitaja, na hakuitaja yeye pia. Nilikuwepo, napanga fomu mezani, na mlango ulipofunguka ukagonga kiti kama kawaida. Alikuwa na adabu. Alimwamkia mzee shikamoo, akaniuliza habari za kazi. Kisha akasema amesikia kuna utafiti ulifanyika Mazingara.

"Upo," Mtunzaji akasema, akamkabidhi kadi. Ndivyo alivyofanya kwa kila msomaji.

Yule bwana akasoma polepole. Niliona jicho lake lilipofika kwenye orodha. "Hii orodha, mzee, ningependa kuiona. Tunataka tu kuwajua wale wanaohitaji kuelimishwa zaidi."

Mjomba wangu alikuwa namba thelathini na saba. Nilipomuuliza kama angependa kuhamia kijijini alisema: "Andika hivi, mwanangu. Hapa nilipanda mikorosho nikiwa sina hata ndevu. Sitoki mpaka nitolewe." Nikaandika neno kwa neno, na hakuwa peke yake hata kidogo. Sasa nilikaa pale na mikono juu ya fomu zile, na njia ya kutoka imezibwa na viti viwili.

Mtunzaji akafungua daftari la wasomaji. "Jina lako, cheo chako, na sababu ya kuisoma. Daftari hili linakaa, halitupwi."

Yule bwana akaliangalia daftari, akaiangalia kalamu aliyonyooshewa, akatabasamu. "Hakuna haja ya haraka, mzee. Jumatatu nitakuja na barua." Akatuaga vizuri, akaondoka.

Hapo ndipo nilipomwambia mzee maneno mabaya. Nilimwomba kwanza. Nikamwambia afute mstari mmoja tu, ni penseli, raba iko mezani. Au aandike kwamba orodha imeshapelekwa Dar es Salaam.

"Haijapelekwa," akasema.

"Najua haijapelekwa, mzee. Nakuomba useme."

"Nikiandika uongo kwenye kadi moja, Mazingara, kadi zote mle ndani zimekuwa uongo. Nani atajua ipi ni ipi? Mvua ya Mkata atakayeiamini nani?"

"Niliwaahidi watu. Mjomba wangu yumo humo."

"Najua uliahidi. Hukuniambia nisiandike."

Nikamwambia kwamba watu wetu watafungwa na penseli yake. Nikamwambia hana moyo, ana faharasa. Nilimchukia siku ile, nasema kweli, kwa chuki ya mtu aliyebanwa mlangoni. Na alikuwa hajasimama bado. Nilimngoja anyanyuke ili nitoke, na yeye alikaa, mikono juu ya magoti, anatazama dirisha lililofungwa. Hakuweza kudanganya, na hakuweza kuitoa ile orodha. Kuharibu karatasi iliyoingia chumbani kwake ndiko kulikokuwa dhambi ya tatu, na huyu ni mtu aliyekuwa akihifadhi hata vipande vilivyotafunwa na panya, ameviandikia kadi: "Kimetafunwa."

Jumatatu nilifika mapema, nikamkuta amefungua dirisha. Sikuwahi kuliona likiwa wazi. Yule bwana akaja na barua yake, safi, ina muhuri. Mtunzaji akaisoma, akasimama, akaleta sanduku lote, akaliweka mezani na kadi juu yake.

Mstari wa zamani ulikuwa umebaki vile vile kwa penseli. Chini yake kulikuwa na mwingine: "Orodha iliyotajwa hapo juu imechomwa moto na mtunzaji, Jumamosi, kwa kukusudia, ili majina yasijulikane." Halafu jina lake lote na sahihi. Kwa wino.

Yule bwana akausoma mara mbili. "Mzee, unajua ulichokiandika hapa?"

"Najua. Ndiyo maana nimetumia wino."

Walimchukua, wakamhoji siku tatu, wakamrudisha bila alama mwilini. Kazini hakurudi. Alipelekwa kupima mahindi kwenye stoo ya kijiji kimoja huko Handeni, na wenzangu wakaniambia kwamba hata kule kila gunia alilitungia kadi. Chumba cha Korogwe akapewa mwingine, kijana mchangamfu, aliyegeuza mlango ufungukie nje. Hewa ilikuwa nzuri. Baada ya msimu mmoja hakuna aliyeweza kupata kitu mle ndani.

Na watu wangu? Hakuna aliyeitwa kwa jina. Lakini malori yalikuja, yakabeba kaya zote. Nilipomwendea mjomba kijijini, nikamsimulia jinsi orodha ilivyochomwa, nilidhani atafurahi. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Waliosema ndiyo na waliosema hapana tulipanda lori moja."

Miaka ikapita, amri zikalegea, watu wakaanza kurudi kwenye mahame yao kimyakimya. Mjomba alipofika kwake alikuta mikorosho inavunwa na mtu mwingine, naye anasema ameikuta porini, haina mwenyewe. Wazee wa baraza alikopeleka shauri lake walikuwa wapya, wengi hawakuwa watu wa pale. Wakasema kila mmoja anadai, nani ataamini midomo. Leteni karatasi inayoonyesha nani alikaa wapi kabla ya kuhama. Mjomba akaniangalia. Yeye na mimi tulijua kwamba karatasi hiyo iliwahi kuwepo duniani, na kwamba ilikuwa moja tu.

Nikaenda kumtafuta Mtunzaji. Nilimpata Chanika, pale Handeni, nyumba ya binti yake, amekaa kibarazani na shuka mabegani, macho yamepata ukungu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kujua anaitikia nani.

"Mimi ni Mazingara, mzee."

Uso ukafunguka. "La tatu. Rafu ya chini."

Binti yake alituletea chai. Nikamweleza habari ya mjomba na mikorosho, na baraza, na karatasi wanayoitaka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuinama, mpaka nikaona aibu ya kuendelea. Lakini nilikuwa nimetoka mbali na neno moja la kuuliza, nikamuuliza. Kabla ya kuichoma, aliisoma?

"Sikuisoma," akasema. "Niliivuta kwenye bahasha ikiwa imegeuzwa. Nilijua nitahojiwa. Asiyejua hana cha kutoa."

"Hata jina moja?"

"Hata moja, mwanangu. Na ningeisoma nisingekumbuka, unanijua." Akalivuta shuka mabegani. "Nilikuwa nafikiri nimechoma hatari ya watu. Sasa naona nilichoma na haki yao. Ilikuwa karatasi ile ile. Kila siku nalizungusha jambo hili, na kila upande nagonga ukuta."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Nilitaka pia kumwambia ni kosa lake. Tukanywa chai.

Baadaye akamwita binti yake amletee bahasha iliyo chini ya godoro. Akaipapasa, akatoa kitu akanipa. Ilikuwa kadi ya sanduku la Mazingara, imekunjamana pembeni, wino wake umefifia kuwa kahawia lakini unasomeka.

"Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kukiiba kazini, siku nilipokwenda kukabidhi funguo," akasema. "Nisomee mstari wa aliyekusanya."

Nikasoma jina langu.

"Basi orodha ilikuwa na nakala. Kadi yangu ilikosea. Nakala ni wewe. Uliyaandika kwa mkono wako, ukakaa kwenye nyua zao ukala chakula chao. Geuza kadi. Unakumbuka nani?"

Nikageuza. Akanipa penseli, imechongwa vilevile kama zamani. Nikaanza na mjomba, namba thelathini na saba, pale penye mikorosho, juu ya kisima. Halafu jirani yake. Halafu mama mmoja mjane aliyenipa mihogo, na mwanawe aliyejenga ng'ambo ya bonde. Walikuja mmoja mmoja, wengine kwa sauti zao kabla ya majina. Nilifika kumi na moja, nikakwama. Nilifumba macho, nikapita njia zote kwa mawazo, mlango kwa mlango, nikakuta nyua tupu. Nilikuwa nimewaahidi watu hawa kwamba majina yao yatakaa mbali, na yamekaa mbali kweli, hata mimi siyafikii. Nikalia hapo kibarazani, mtu mzima na kadi mkononi.

Akaniacha nilie. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kuudhi, "Sasa andika juu: majina haya yametoka kwenye kumbukumbu ya aliyekusanya, si kwenye orodha."

"Mzee, baraza wakiliona hilo wataikataa kadi. Tuache hivi. Watadhani ni karatasi ya zamani."

"Kadi haisemi uongo, Mazingara."

Maneno yale yale, na mimi nimebanwa pale pale. Nilimtazama yule mzee aliyenifungia mlango maisha yangu yote, macho yake hayanioni sawasawa. Raba haikuwepo, na hakuna ambaye angejua isipokuwa sisi wawili. Nikaandika alivyosema.

"Na lile la tano," akasema. "Nini kimekosekana?"

"Wengine wote."

"Andika, wajulikane kwamba walikuwepo."

Nikaandika: waliobaki walikuwepo, nimewasahau mimi. Kulikuwa na nafasi chini, ya jina na sahihi. Akasikia nimeweka penseli mezani, akaisukuma irudi kwangu kwa kidole. Nikamwambia hapana, mzee, nikafungua mkoba nikatoa kalamu ya wino.